Tathmini ya kinasa makro cha Excel: kitumie, kisha ufute kila Select

Karani wa ushirika wa maziwa Molo, mhasibu wa sacco Kakamega na mnunuzi wa samaki pale Dunga wanafanana kwa jambo moja: kazi ile ile ya lahajedwali huwarudia kila mwisho wa mwezi. Excel ina chombo cha kuwapunguzia mzigo huo bila malipo ya ziada, nacho ni kinasa makro. Unakiwasha, unafanya kazi yako mara moja kwa mkono, unakizima, na mwezi ujao kinairudia kazi yote kwa kubonyeza mara moja. Hiyo ndiyo ahadi. Sisi hapa tunapima msimbo kinachokuandikia, kwa sababu hapo ndipo ubora na ubovu wake ulipo. Msimamo wetu ni kwamba anayejifunza makro hawezi kukikosa chombo hiki, na anayeuacha msimbo wake jinsi ulivyotoka ataharibu hesabu za watu.

Kukipata ni rahisi. Kimo kwenye kichupo cha View, chini ya Macros. Ukitaka vifaa vyote pamoja, nenda File, Options, Customize Ribbon, kisha weka tiki kwenye Developer. Ukibonyeza Record Macro utaulizwa jina, kifupisho cha kibodi na mahali pa kuhifadhi. Kwenye kifupisho, shikilia Shift unapoandika herufi. Ukiweka Ctrl+C tupu, makro yako itachukua nafasi ya kunakili kila wakati faili hiyo ikiwa wazi, na mtu wa zamu inayofuata hataelewa kwa nini kompyuta "imeharibika". Faili lenyewe lihifadhiwe kama xlsm. Ukilihifadhi kama xlsx ya kawaida, makro inaachwa nje.

Sasa tuuangalie msimbo. Chukua ushirika wenye vituo vitatu vya kupokelea maziwa, Molo, Elburgon na Njoro, kila kituo na laha yake. Safu A ni nambari ya mwanachama, B jina, C kilo za asubuhi, D kilo za jioni, E jumla. Karani anawasha kinasa, anafungua laha ya Molo, anaandika fomula ya jumla kwenye E2, anaibonyeza mara mbili kona ya seli ili ishuke hadi chini, kisha anapanga tarakimu. Kinasa kinaandika hivi:

    Sheets("Molo").Select
    Range("E2").Select
    ActiveCell.FormulaR1C1 = "=RC[-2]+RC[-1]"
    Range("E2").Select
    Selection.AutoFill Destination:=Range("E2:E184")
    Columns("E:E").Select
    Selection.NumberFormat = "#,##0.0"

Kila kitu hapo kimeandikwa kwa kufuata mkono: nenda seli hii, iteue, fanya jambo kwa kilichoteuliwa. Ni kama abiria wa tuktuk anayemwambia dereva "kata kushoto, sasa kulia" bila kumtajia kwamba anaenda Kondele. Ukianzia stendi nyingine, maelekezo yale yale yanakufikisha kwingine. Msimbo huu haujui maziwa ni ya faili gani. Unajua tu kilicho mbele ya skrini wakati huo.

Madhara yake ni matatu, na hayana uzito sawa.

Dogo kabisa ni mwendo. Kila Select inaifanya Excel ihamishe kielekezi na kuchora skrini upya. Kwenye mistari michache hutaona tofauti, lakini makro inayoteua seli moja moja kwa maelfu ya mistari, kwenye kompyuta ya mtumba ya ex-UK yenye RAM ya GB 4, itakupa muda wa kutosha wa kunywa chai. Wengi hukimbilia kuandika Application.ScreenUpdating = False hapo juu. Inasaidia macho na mwendo, lakini ugonjwa unabaki.

La pili ni ile 184. Kinasa kimeganda kwenye idadi ya wanachama wa siku ya kurekodi. Mwezi ujao wakijiunga sita, mistari sita ya mwisho haina jumla, na hakuna onyo lolote. Mkulima ndiye atakayegundua, siku ya malipo.

La tatu ndilo linalotufanya tuandike tathmini hii. Sheets("Molo") bila jina la faili maana yake ni laha ya Molo katika faili lililo mbele. Ikiwa lililo mbele halina laha hiyo, utapata hitilafu nambari 9 na kazi itasimama, hapo umeponea. Lakini makarani wengi hufungua faili la Mei kulinganisha na la Juni, na yote mawili yana laha ya Molo. Makro ikianza huku Mei ikiwa mbele, inaandika juu ya hesabu zilizokwisha kulipwa, kimya kimya. Kisha ukibonyeza Ctrl+Z hakuna kitu, kwa sababu makro inapobadilisha laha Excel hufuta historia ya kutendua. Nakala ya akiba pekee ndiyo itakayokuokoa.

Dawa ni kuvitaja vitu kwa majina yao na kuviamuru moja kwa moja. Kanuni ya kuanzia ni nyepesi: popote amri moja inapoishia na .Select na inayofuata inapoanza na Selection au ActiveCell, unganisha hizo mbili na utupe maneno hayo ya katikati. Columns("E:E").Select na Selection.NumberFormat zinakuwa Columns("E:E").NumberFormat. Kisha taja laha, na mbele ya laha taja faili. Kazi ile ile ya Molo, ikiandikwa vizuri na kupanuliwa kwa vituo vyote vitatu, inakaa hivi:

    Sub JumlaYaMaziwa()
        Dim laha As Worksheet
        Dim jina As Variant
        Dim mwisho As Long
        For Each jina In Array("Molo", "Elburgon", "Njoro")
            Set laha = ThisWorkbook.Worksheets(jina)
            mwisho = laha.Cells(laha.Rows.Count, "A").End(xlUp).Row
            If mwisho >= 2 Then
                laha.Range("E2:E" & mwisho).Formula = "=C2+D2"
                laha.Columns("E").NumberFormat = "#,##0.0"
            End If
        Next jina
    End Sub

ThisWorkbook ni faili lenye makro yenyewe, hata kama Mei ndiyo iliyo mbele. Amri inayoanza na neno "mwisho =" inaanzia chini kabisa ya safu A, mstari wa 1,048,576 kwenye faili za tangu Excel 2007, na kupanda hadi ikutane na nambari ya mwanachama wa mwisho. Fomula ikiwekwa kwenye eneo zima kwa mkupuo, Excel yenyewe inaibadilisha iwe =C3+D3 kwenye mstari wa tatu na kuendelea, kwa hiyo AutoFill haihitajiki tena.

Usilidharau lile sharti la If mwisho >= 2. Laha ikiwa tupu, mwisho unakuwa 1, na "E2:E1" kwa Excel ni sawa na E1:E2. Fomula itaingia hadi kwenye kichwa cha safu na kukifuta. Tumia pia aina ya Long kwa nambari za mistari, si Integer, maana Integer inaishia 32,767 na ikivuka hapo unapata hitilafu nambari 6.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wanaojiona wamekwisha kuiacha Select:

    laha.Range(Cells(2, 3), Cells(mwisho, 4)).ClearContents

Range imetajiwa laha, Cells mbili za ndani hazikutajiwa. Ndani ya moduli (ukurasa wa msimbo) ya kawaida, Cells tupu ni za laha iliyo mbele. Tuseme laha ni Molo: ukiijaribu ukiwa umefungua Molo inakubali, ukiijaribu ukiwa Njoro inakataa kwa hitilafu 1004, na hapo watu huamua kurudisha Select kwa sababu "inafanya kazi". Andika laha.Cells mara zote mbili. Ukiuweka msimbo huo huo kwenye moduli ya laha fulani, Cells tupu zinageuka kuwa za laha hiyo, hivyo amri ile ile ina maana mbili kutegemea ulipoibandika. Tunashauri kila Range, Cells, Rows na Columns iwe na mwenyewe mbele yake, bila ubaguzi.

Na ThisWorkbook nayo ina mpaka wake. Ulipoulizwa mahali pa kuhifadhi, kama ulichagua Personal Macro Workbook, basi ThisWorkbook ni lile faili lililofichwa la PERSONAL.XLSB, wala si faili lako la maziwa. Kwa makro za kazi moja ya kila mwezi, zihifadhi ndani ya faili la kazi hiyo.

Kunakili na kubandika ndiko kinasa kinakojaza takataka nyingi zaidi: teua, nakili, hamia laha nyingine, teua, bandika thamani, ondoa mistari inayomulika. Ukitaka thamani tu, ubao wa kunakilia hauhitajiki kabisa (muhtasari hapa ni laha ya kupokea):

    n = mwisho - 1
    muhtasari.Range("A2").Resize(n, 5).Value = _
        laha.Range("A2").Resize(n, 5).Value

Pande zote mbili lazima ziwe na ukubwa sawa. Upande wa kupokea ukiwa mkubwa, seli za ziada zinajaa #N/A. Ukiwa mdogo, data inakatwa bila kelele. Kwa ofisi za kwetu zinazolipa kwa simu kuna hatari nyingine ya kuangaliwa sana: nambari ya simu iliyohifadhiwa kama maandishi, inayoanza na 07, ikihamishwa kwa njia hii kwenda kwenye seli ya kawaida inageuzwa kuwa tarakimu na sifuri ya mbele inapotea. Ipe safu ya kupokea fomati ya maandishi kwanza, .NumberFormat = "@", ndipo uhamishe. Ukihitaji rangi na mipaka pia, tumia amri moja ya Copy yenye Destination ndani yake, bila kuteua chochote.

Kwenye grafu na picha kinasa kinazidi kuharibu, maana hapo kinategemea jina ambalo Excel imelitunga yenyewe. Ukirekodi grafu ya samaki wa Dunga, msimbo utasema ChartObjects("Chart 1").Activate na kuendelea na ActiveChart. Ukiiendesha mara ya pili, grafu mpya inaweza kuitwa "Chart 2", na makro ama itakwama ama itapaka rangi grafu ya zamani huku mpya ikibaki uchi. Ishike grafu mkononi tangu inapozaliwa:

    Dim grafu As Chart
    Set grafu = laha.Shapes.AddChart2(201, xlColumnClustered).Chart
    grafu.SetSourceData Source:=laha.Range("A1:B13")
    grafu.HasTitle = True
    grafu.ChartTitle.Text = "Samaki waliopimwa Dunga, kilo"
    grafu.Parent.Name = "GrafuDunga"

Amri ya mwisho inaipa grafu jina ulilolichagua mwenyewe, ili mwezi ujao uweze kuifuta au kuihariri kwa laha.ChartObjects("GrafuDunga") bila kubahatisha. AddChart2 ilikuja na Excel 2013. Kompyuta yenye toleo la 2010 inahitaji AddChart.

Mpangilio wa ukurasa wa kuchapisha: badilisha karatasi iwe ya mlalo tu, na kinasa kitaandika orodha ndefu ya PageSetup, kuanzia pambizo hadi vichwa na ubora wa chapa. Bakiza ule mstari wa Orientation, futa vingine. Mistari hiyo huzungumza na printa, na ndiyo sababu makro hizo zinakokota miguu.

Haki yake tumpe. Kama mwalimu wa msamiati, kinasa hiki hakina mpinzani. Hujui mpaka wa seli wenye mistari miwili unaitwaje katika VBA, lugha ya makro za Excel? Rekodi, soma, chukua lile neno xlDouble, tupa mengine. Fungua dirisha la msimbo kwa Alt+F11, liweke kando ya laha wakati unarekodi, na utaona amri zikijiandika kila unapobonyeza. Hakuna kitabu kinachojibu haraka hivyo. Kwa kazi hiyo tunakipa nyota nne kwa tano. Kwa makro ya kuachiwa karani mwingine aitumie kila mwezi bila kusafishwa, tunakipa moja. Kitufe cha Use Relative References hakibadilishi alama hiyo: kinaandika ActiveCell.Offset badala ya anwani kamili, na sasa matokeo yote yanategemea kielekezi kilikuwa wapi ulipoanza.

Si kila Select ni kosa. Kugandisha vichwa kwa FreezePanes ni kazi ya dirisha, hivyo laha husika lazima iwe mbele. Mwishoni mwa makro ni uungwana kumwacha mtumiaji mahali panapoeleweka, na Application.Goto laha.Range("A1"), True inafanya hivyo kwa amri moja. Ya tatu inahitaji umakini: sheria ya rangi yenye fomula, mfano =$E2<5 ya kuonyesha wanaoleta maziwa kidogo, husomwa kwa kulinganishwa na seli iliyo hai wakati huo. Kielekezi kikiwa mstari wa 40, rangi zitahamia mistari isiyohusika. Hapo ama iwashe laha na uiteue E2 kwanza, kwa makusudi, ama tumia aina ya xlCellValue isiyo na anwani ndani yake.

Usambazaji wa makro umekuwa mgumu kidogo. Tangu 2022 Microsoft imeanza kuzuia makro katika faili zilizotoka kwenye intaneti, ikiwemo zilizotumwa kwa barua pepe. Ukiliamini faili, libonyeze kulia ukiwa kwenye folda, Properties, weka tiki kwenye Unblock. Na asiyekuwa na kompyuta asitegemee chochote: Excel ya simu na ile ya kivinjari haziendeshi VBA.

Wasio na leseni ya Excel wana njia mbili. LibreOffice Calc ni bure, lakini kinasa chake lazima kiwashwe kwanza katika mipangilio ya Advanced, na msimbo wake ni mgumu kusoma kuliko wa Excel: kila hatua ni executeDispatch yenye ".uno:GoToCell", yaani Select ile ile katika vazi zito zaidi. Njia nyoofu ni ThisComponent.Sheets.getByName("Molo").getCellRangeByName("E2"). Ukitumia getCellByPosition, kumbuka safu inatangulia mstari na hesabu inaanzia sifuri, hivyo E2 ni 4, 1. Google Sheets nayo inarekodi kwa Apps Script na kujaza .activate() kila mahali. Badili kwa getSheetByName("Molo").getRange("E2"). Huko mwendo una uzito zaidi, maana kazi inafanyika kwenye seva. Soma eneo zima kwa getValues, lihesabu, lirudishe kwa setValues mara moja, hasa pale mtandao unapoyumba.

Kabla ya kumkabidhi mtu makro yoyote, fungua msimbo, bonyeza Ctrl+F na utafute maneno manne: Select, Selection, ActiveCell, ActiveSheet. Kila utakalolikuta liwe na sababu unayoweza kuitaja. Kisha tengeneza nakala ya faili, fungua na faili jingine lenye laha za majina yale yale, liweke hilo jingine mbele, na uiendeshe makro ukiwa humo, amri moja moja kwa F8. Lile faili jingine lisibadilike hata seli moja. Rudia ukiwa umeongeza mwanachama mmoja chini ya orodha ya Molo, na mara nyingine ukiwa umeifuta orodha yote ya Njoro isipokuwa vichwa.